Bango langu la ngumi, gunia la korosho, na makosa ambayo nyie msiyarudie

Wadogo zangu mnaoanza hizi kazi za kuchora na kudizaini mabango, vijana wengi wa hapa Mtwara wananiuliza kuhusu lile bango la mtoto anapiga gunia, nimelitoaje, natumia programu gani, simu au kompyuta. Swali la programu ndo kila mtu anaanza nalo na ndo lenye faida ndogo kuliko yote, ila ntalijibu huko mbele. Naanza na makosa, maana lile mnalolisifia ni la nne, matatu ya kwanza yalikuwa takataka tupu na nimeyatunza kwenye simu mpaka leo, siku nikiona kichwa kimeanza kuvimba nayafungua nayaangalia.

Mi ngumi nimezipenda kabla sijajua kusoma. Mzee wangu alikuwa na stori moja anairudia kila mwaka korosho zikianza kuanguka, kwasababu pambano lenyewe lilikuwa msimu huohuo, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman pale Kinshasa. Walipigana saa 10 alfajiri ya kule ili Wamarekani waone kwao ikiwa bado usiku, kwahiyo huku kwetu ilikuwa saa 12 asubuhi, watu wanaelekea shamba. Mzee hakuona hata ngumi moja, habari zote alizipata redioni, lakini akisimulia anasimama, anaegemeza mgongo kwenye mkorosho kama Ali alivyoegemea kamba, anafunika uso kwa mikono, anasema "piga, piga, piga mpaka uchoke", alafu ikifika raundi ya 8 anajitoa kwenye mti anarusha mbili za haraka na Foreman anaenda chini pale kwenye majani makavu. Hiyo ndo televisheni yangu ya kwanza.

Baadae vikaja vibanda umiza, vile vya kulipia kuangalia video, tukawa tunaona Tyson kwenye kanda zenye chenga. Lile pambano la Juni 1997 alilomng'ata Holyfield sikio lilitufikia limechelewa sana, ila lilipofika wiki nzima mtaa wetu watoto wanang'atana masikio, mama zetu walikoma. Mwaka uliofuata bondia wetu Michael Yombayomba akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Kuala Lumpur, hapo sasa kila mtu mtaani kwetu Chikongola akawa bondia.

Kwahiyo nilipoamua kutengeneza bango la ngumi nilikuwa na mambo mengi kichwani, na hapo ndo nilipoharibu. Bango la kwanza nilimweka Ali, Foreman, Tyson, mzee na mkorosho, kibanda umiza na foleni ya watoto mlangoni, gunia, ulingo, na kwa mbali bahari ya Shangani sijui ilikuja kufanya nini. Nikamwonyesha jamaa yangu mmoja ana saluni, akaangalia, akageuka akaangalia ukuta wake wa saluni uliojaa mapicha ya mitindo ya nywele, akasema "sasa hii si ndo ukuta wangu?" Nilinuna siku mbili. Alikuwa sahihi.

Ukikipenda kitu sana unashindwa kukikata. Kila kumbukumbu unaona nayo ina haki ya kukaa pale, unaogopa kumtoa mzee utaonekana umemsahau. Lakini bango sio albamu ya familia, mtu anapita na bodaboda, ana sekunde mbili, akikosa kitu kimoja cha kushika hashiki hata kimoja. Sasa hivi nafanya hivi: nakunja A4 inatoa vibox nane, kila kibox nachora wazo kwa penseli butu isiyoweza kuchora vitu vidogo, dakika mbili mbili, alafu nabandika ukutani natoka mpaka barabarani nageuka kuangalia. Kinachosomeka kutoka barabarani ndo nabaki nacho. Siku ile kati ya nane ilisomeka moja, mtoto na gunia. Na kibox hicho ndo nilikichora kwa uvivu nikiwa nimechoka.

Bango la pili nikarudi tena kwa Ali, si unajua ubishi. Nikachukua ile picha maarufu amesimama juu ya Sonny Liston, mkono umekunjwa kifuani anafoka, nikaitresi, yaani nikachora kwa kufuata mistari yake juu kwa juu. Wote mnaijua maana iko kwenye fulana, kwenye daladala, kila mahali, na hilo ndo tatizo lake la kwanza. Tatizo la pili ni kwamba ile picha ina mwenyewe, aliipiga Neil Leifer Mei 1965, na hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA wanaosimamia hakimiliki wapo, ukiuza kazi uliyoitresi juu ya picha ya mtu usishangae ukiitwa. Ila kuna kitu nilijifunza kwenye picha ile kwasababu niliikodolea macho siku nyingi: ukiangalia katikati ya miguu ya Ali kuna mpiga picha mwingine amekaa upande wa pili wa ulingo. Pambano lilelile, sekunde ileile, lakini yeye ana mgongo wa Ali. Kamera anayo, ujuzi anao, kilichomkosesha ni kiti. Toka siku hiyo kabla sijachora chochote najiuliza kwanza mi nimekaa upande gani, na jibu kwenye bango la ngumi lilikuwa wazi, mi kwenye maisha ya Ali sina kiti kabisa, sijawahi hata kumuona. Kwenye gunia nina kiti cha mbele.

Basi ngoja niwaambie gunia lenyewe maana wengi mmezaliwa mmekuta mabegi ya dukani. Tulikuwa tunachukua gunia la katani la korosho lililotoboka, tunaliziba, tunajaza mchanga na makumbi ya nazi. Ukijaza mchanga mtupu unashuka wote chini unakuwa kama jiwe, ukipiga chini unajuta, kwahiyo makumbi yanasaidia kuushikilia. Mdomo unafungwa kwa kamba, linaning'inizwa kwenye tawi la mkorosho. Likishapigwa mwezi linapata umbo lake, shingo nyembamba, tumbo kubwa, na pale ngumi zinapotua pana bonde limekaa kama uso wa mtu aliyekosa meno. Kwenye kona kila siku mchanga unavuja kidogo kidogo, asubuhi unakuta kichuguu. Mikononi tulikuwa tunafunga vipande vya kanga chakavu za mama, unaanzia kidole gumba, unazunguka kiganja, unakuja kwenye kifundo, unarudi kwenye mafundo ya vidole, na bado ngozi inachubuka maana katani haina huruma.

Yote hayo nayajua kwa vidole, sio kwa gugo. Na bado bango la tatu nililichora vibaya! Nikamaliza, nikapaka rangi, nikajiona nimefika. Mpwa wangu ana miaka saba akaja kusimama nyuma yangu, akauliza, "Mjomba, huyo kaka anapiga fenesi?"

Nikaliangalia. Fenesi kabisa. Limening'inia kwenye mti, lina tumbo, rangi ya kahawia kijani, na zile alama za katani nilizochora kwa uangalifu masaa matatu ndo zimekuwa miba ya fenesi. Mtu mzima asingesema, angesema "kazi nzuri kaka" akaondoka. Kwahiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wa programu zote, tafuta mtoto, muonyeshe, usimwambie ni nini. Muulize anaona nini alafu ukae kimya, na usijitetee.

Dawa ya fenesi haikuwa kuchora katani vizuri zaidi, ilikuwa kutafuta vitu ambavyo gunia linavyo na fenesi halina. Mshono wa pembeni, ule wa sindano kubwa wenye uzi unaoruka ruka. Kamba shingoni na mdomo uliokunjamana juu yake kama ua. Mchanga unaodondoka kwenye kona. Na maandishi! Gunia la korosho lina maandishi ya stenseli, yale yanayogongwa rangi kupitia herufi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu. Hapo ndo bango lilipofunguka, kwasababu toka mwanzo nilikuwa nahangaika kichwa cha habari nikiweke wapi, kila nikiweka juu kinagombana na tawi, nikiweka chini kinagombana na miguu, kumbe sehemu ya maandishi ilikuwa tayari ipo tumboni. Nikaandika KOROSHO kubwa juu ya gunia, na chini kabisa ya bango kamstari kadogo PAMBANO LA LEO, basi. Mabango ya zamani ya ngumi ya Marekani yalichapwa kwa herufi kubwa za mbao, jina la bondia linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara na mengine yote yanajibana chini, kwahiyo nikafanya hivyohivyo ila bondia wangu mkubwa akawa gunia.

Fonti za stenseli ziko bure nyingi, nilijaribu sita na zote zilikuwa safi mno, zinaonekana za jeshi. Nikaachana nazo nikachukua karatasi ya manila nikakata herufi kwa wembe. Angalizo kwa asiyewahi kukata, herufi O na R zina kitumbo katikati, ukikata mzunguko mzima kitumbo kinadondoka unabaki na shimo, ndo maana stenseli inaachiwa vidaraja viwili vya kushikilia, na hivyo vidaraja ndo vinavyofanya jicho lijue hii ni gunia na sio bango la benki. Nikatafuta gunia la kweli, nikaweka manila juu, nikagonga rangi nyeusi kwa kipande cha godoro. Gonga, usipake, ukipaka rangi inapenya chini ya karatasi. Nikaning'iniza, nikapiga picha asubuhi wakati jua liko pembeni ili mikunjo ionekane, maana jua la mchana la huku linafuta kila kitu linakuwa bapa. Alafu nikachora kutoka kwenye picha yangu mwenyewe, ambayo hakuna mtu wa kunidai.

Rangi niliweka tatu tu na karatasi yenyewe. Nyekundu ya bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho, njano ya bibo la aina ile nyingine, na nyeusi. Sababu ya kwanza ni uchumi, nilitaka kuprinti kwa skrini, yaani wino unasukumwa kupitia kitambaa kilichovutwa kwenye fremu, na kila rangi inataka fremu yake na zamu yake ya kupaka, rangi saba ni fremu saba na mimi sina hela hiyo. Ila rangi chache zina faida nyingine, njano ikitangulia na nyekundu ikapita juu yake unapata kama chungwa la bure, rangi ya nne hujailipia. Acha rangi zipandiane kidogo, hata nusu milimita, kwasababu fremu haikai palepale kila mara na ukizichora zikagusana tu kwenye mstari utapata uzi mweupe unaokera. Na msione aibu kupaka rangi bapa isiyo na vivuli. Edward Tingatinga alitoka hapo kwa majirani zetu Tunduru, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za kawaida za dukani, bapa, zenye mistari ya wazi, na amefariki 1972 lakini mpaka leo kazi za mtindo wake unazitambua ukiwa mita hamsini.

Mwili wa mtoto ulinisumbua kuliko gunia. Mwanzo nilimchora wakati ngumi imeshatua, gunia limepinda, mchanga unaruka, kama sinema. Ikawa imekufa. Kuna mchoraji wa Marekani anaitwa George Bellows, 1924 alichora pambano la Dempsey na Firpo lililopigwa New York Septemba 1923. Dempsey alishinda lile pambano raundi ya pili, lakini Bellows hakuchora ushindi, alichora ile sekunde ya raundi ya kwanza Dempsey anarushwa nje ya kamba miguu juu, anawadondokea watu. Mshindi ndo anaanguka! Ukiiona unataka kujua kilichofuata. Nikajiuliza kwenye gunia sekunde hiyo ni ipi, nikakumbuka, ni pale umeshapiga na gunia linarudi. Kila aliyepiga gunia anajua, ngumi ya kwanza sio kazi, kazi ni likirudi na wewe umekaa vibaya. Kwahiyo mtoto wangu amerudisha mgongo, kisigino cha nyuma kimenyanyuka, macho makubwa, na gunia zito linamjia. Mtu akiona anacheka kwanza alafu anaogopa kidogo.

Alafu nikafanya ujinga. Nikaona gunia likiwa kushoto komposisheni, yaani mpangilio wa picha, inakaa vizuri zaidi, nikabonyeza kile kitufe cha kugeuza, kulia ikawa kushoto, raha mustarehe. Nikapeleka kwa mzee mmoja anayefundisha vijana ngumi hapa mtaani, nikamwamkia, nikampa.

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto mashoto?"

"Hapana mzee, wa kawaida."

"Mbona mguu wa kulia uko mbele?"

Bondia wa kawaida anatanguliza mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, ule wa kulia wenye nguvu anauficha nyuma. Ukigeuza picha unakuwa umemgeuza mtu. Hata vidole gumba na mzunguko wa vitambaa vilikuwa vimegeuka, na herufi za KOROSHO zilisomeka vizuri kwasababu tu zilikuwa leya nyingine, yaani tabaka la juu la mchoro, nimeziweka baadae, zingekuwa humohumo ningeshtuka mapema. Mzee hakugomba, alisimama akanionyesha taratibu namna uzito unavyokaa, kidevu chini, bega la mbele limefunika shavu, akasema watu wa ngumi wakiona mguu umekosewa hawaangalii kitu kingine tena. Na ni kweli, kama fundi cherehani anavyoangalia mshono wa shati lako badala ya kukusikiliza. Kwahiyo ukichora kazi ya watu, mpelekee mwenye kazi kabla hujaprinti. Ukichora ulingo hesabu kamba, za siku hizi ni nne, na ukichora glavu kumbuka kidole gumba kina upande wake. Nilirudi nyumbani nikachora mwili upya, sikugeuza tena.

Haya, programu. Nilichora penseli kwenye karatasi, nikapiga picha, nikamalizia kwenye Ibis Paint kwenye simu ya kawaida kabisa, maandishi madogo nikaweka kwa Inkscape kwenye kompyuta ya kuazima. Zote za bure. Kilichonitesa ni saizi. Nilianza na turubai (eneo la kuchorea kwenye programu) la pikseli 1080 kwa 1350 kwasababu ndo saizi ya kupostia, alafu nikapeleka stesheneri nikataka A2. A2 upana wake ni milimita 420, piga hesabu ni kama nukta 65 kwa inchi, ikatoka imepasuka mpaka jicho la mtoto linahesabika viboksi. Wa kulaumiwa ni mimi, yule dada wa stesheneri aliniuliza kabisa "kaka una uhakika?" nikajifanya mjuaji. A2 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 4961 kwa 7016, simu yangu ikifika hapo inakubali leya mbili inazima. Njia ya katikati, bango la ukutani linaangaliwa kwa mbali, dpi 150 inatosha, 2480 kwa 3508, simu inavumilia. Anza na saizi hiyo siku ya kwanza, kukuza baadae hakurudishi kitu ambacho hakikuwepo. Na acheni milimita 3 za rangi zinazotoka nje ya mstari wa kukata kila upande, mashine ya kukata haina macho. Ile PAMBANO LA LEO kwenye printi moja ilibaki PAMBANO LA LE.

Rangi za skrini ya simu nazo msiziamini, nyekundu inayowaka kwenye simu ikifika kwenye karatasi inapoa, printini kakipande ka A5 kwanza muone. Na kama bango litakaa nje, jua la Mtwara linakula nyekundu kabla ya zote, nilibandika moja ya stesheneri nje ya klabu ya yule mzee, baada ya miezi mabibo yangu yote yakawa ya njano. Zile nilizoprinti kwa skrini za wino mzito zinavumilia zaidi ila nazo ziwekeni kivulini.

Hela siongelei sana, chukua advansi nusu kabla hujashika penseli, basi.

Lile gunia la kweli nililogonga stenseli liko nyuma ya nyumba, nililisahau pale kwenye mti. Wiki iliyopita nasikia puu, puu, natoka namkuta mpwa wangu amejifunga kitenge mikononi anapiga, likirudi anaruka pembeni anacheka. Nikasimama nikamwangalia miguu, kulia mbele. Nikamwambia geuza, akageuza, akapiga moja dhaifu, akarudisha kulia mbele akapiga na mkono wa kushoto gunia likayumba kweli kweli. Kumbe mashoto. Sasa ananidai bango lake, na ile ya kugeuzwa aliyoikataa mzee bado ninayo kwenye simu, namtafutia karatasi ya A3.